Nilijipa Mbili

Mbezi Luis,
Dar es Salaam.
Jumapili, baada ya misa.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo baba. Natumaini barua hii itakukuta wewe na mama mkiwa wazima, na goti lako limetulia tangu uanze ile dawa ya kuchua. Mama mpe pole ya kahawa, najua mwaka huu vibarua wamekuwa wa shida na mmechuma wenyewe. Huku kwangu ni wazima wa mwili, tunamshukuru Mungu, watoto wanasoma na wanakula kama kawaida yao.

Utajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Baba, wewe na simu hamwelewani. Nikipiga unaniuliza kama huku mvua imenyesha, unasema haya mwanangu, halafu unampa mama. Nililonalo haliwezi kusemwa kwa mtindo huo. Nimempa dereva wa basi letu la Mbinga bahasha hii na nimemwambia akukabidhi mkononi, asimwachie mtu wa dukani.

Nimechukia, baba. Naanza na hilo ili usije ukadhani naandika kwa furaha. Ni wiki ya pili hii chakula hakipiti vizuri, na watoto wakiniita naitika kwa ukali mpaka wananikimbia.

Unajua kwamba nipo ofisi ya vifurushi ya kampuni ya mabasi hapa stendi. Usichokijua, maana sijawahi kukwambia, ni kwamba tangu msimamizi wetu alipostaafu, kazi yake naifanya mie. Mie ndiye ninayepanga zamu. Gunia la mtu likishushwa Makambako badala ya Njombe, ni mie ninayelitafuta. Mama wa watu akija kupokea dagaa wake akakuta wamelowa, anayesimama mbele yake kutukanwa ni mie. Lakini kwenye karatasi bado ni karani, na nilikuwa nangoja tu siku watakayoniandika msimamizi kwa jina langu.

Sasa mwezi uliopita meneja wetu, Bwana Adelard, akatangaza kwamba nafasi ile itajazwa kwa haki, bila kujuana. Akamleta kijana mmoja anaitwa Theonest, anakaa Mbweni, amesomea saikolojia. Sie tulidhani atatuuliza habari za vifurushi. Kumbe alikuja kutupima tabia.

Alitukalisha kwenye chumba cha abiria akatueleza vizuri tu, siwezi kumsingizia. Alisema wataalamu walikusanya maneno yote ambayo watu hutumia kusemana, mkarimu, mchoyo, mwoga, mchapakazi, mkimya, wakaangalia yepi yanatembea pamoja, wakakuta karibu yote yanaingia kwenye sifa kubwa tano. Kuna kupenda mambo mapya, kuna umakini wa kazi, kuna uchangamfu, kuna upole kwa watu, na kuna wasiwasi. Kila mtu anazo zote tano, alisema, tofauti ni nani anazo kwa wingi na nani kwa uchache. Na mtu akishakuwa mzima, vipimo vyake havibadiliki sana. Mwanakombo, yule wa Mtoni tunayekaa naye dirisha moja, aliniinamia sikioni akasema kwao walishajua siku nyingi kwamba tabia haina dawa, na hawakuhitaji kompyuta.

Kisha tukagawiwa karatasi zenye sentensi. Unasoma sentensi, unajipa namba kuanzia moja mpaka tano kadiri inavyokufaa, tano ndiyo kabisa. Nafanya kazi zangu kwa umakini. Natimiza ninachoahidi. Wenzangu wananitegemea. Naweza kuongoza watu. Baba, nilisoma zile sentensi masikio yakawaka moto. Nani mwenye akili timamu anayekaa akaandika mwenyewe kwamba watu wanamtegemea?

Unajua ulivyotulea. Nilipokuwa wa kwanza darasa la saba, Padri akaja nyumbani kunipongeza, wewe ukamwambia huyu anabahatisha tu, Padri, ni mzito huyu. Mama akichinja jogoo, akapika mpaka majirani wanasikia harufu, anawaambia wageni karibuni jamani, hakuna kitu. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, ndio wimbo tuliokulia. Basi mie nikajipa mbili. Umakini, mbili. Kutimiza ahadi, mbili. Kuongoza watu nilijipa moja, nikaona mbili ni kujikweza.

Na nisikufiche, niliona nimefanya vizuri. Nilijua atakayesoma ataelewa, kama vile mgeni akisema ameshiba mwenyeji anamwongeza. Nilidhani yule kijana akiona mbili atasema huyu kalelewa, huyu ndiye.

Majibu yalipotoka Bwana Adelard alituita mmoja mmoja. Theonest alinionyesha kwenye kompyuta mistari yangu mitano. Mstari wangu wa umakini ulikuwa mfupi kuliko wa mtu yeyote pale ofisini, wakiwemo vijana wa kupakia mizigo. Uliokaribia kugusa juu ulikuwa wa Cyprian. Sijui kama nimewahi kukutajia Cyprian. Ni karani mwenzetu, mie ndiye niliyemfundisha kazi. Anafika kazini chai imeshamiminwa, na ndiye aliyepeleka godoro la bibi harusi wa Masasi mpaka Tunduma, likarudi harusi imeshakwisha. Si mtu mbaya, ana utani na watu wanampenda. Ila alijipa tano kwenye umakini kwa moyo mweupe kabisa, maana anaamini. Bwana Adelard akasema nafasi ataichukua yeye, zimebaki taratibu za barua.

Mwanakombo alinisema siku nzima. Alisema nyie watu wa bara mtakufa na adabu zenu, mtu anaulizwa kama ana pua anajibu ipo ipo tu. Yeye alijipa tano kila mahali, hata kwenye sentensi inayosema naogopa mambo ovyo, eti asionekane kuna kitu amekosa. Kompyuta ilishindwa kumwelewa na Theonest akaiweka karatasi yake pembeni. Nilicheka, kisha nikaendelea kuandika risiti za watu.

Kesho yake nilimfuata Theonest, na sikwenda kwa upole. Nilimwambia hukupima umakini wangu, umepima malezi yangu. Nilimwambia kama unataka kujua tabia ya mtu waulize wanaolala kwenye benchi wakingoja mzigo wao nani anawatafutia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akakubali kwamba zile sentensi zilitungwa nje zikatafsiriwa, na kwamba wataalamu wenyewe wanajua watu wengine hujipunguza na wengine hujiongeza, ndiyo maana mahali pengine huulizwa pia wanaofanya kazi na mtu. Ila yeye ameletwa kwa karatasi moja tu. Alisema atajaribu kuongea na meneja.

Hapa ndipo penye jambo ambalo sijamwambia mtu, baba. Mama nilimwambia kwenye simu kwamba walinikatalia kurudia, na Mwanakombo anajua hivyo hivyo. Si kweli. Walinikubalia.

Bwana Adelard alisema kabla hajasaini barua ya Cyprian, nirudie. Ilikuwa Jumatatu mchana. Walinifungulia chumba chake, wakaniacha peke yangu na karatasi mpya na chupa ya maji. Hakuna aliyekuwa ananitazama. Nilijua kabisa wanachotaka, na nilijua kwamba ni ukweli mtupu, sikuwa naambiwa nidanganye. Nikasoma, nafanya kazi zangu kwa umakini. Nikaandika tano. Nikaitazama ile tano, nikaona aibu ambayo sijui nikuelezeje, kana kwamba nimevua nguo mbele ya watu. Nikaikata nikaandika tatu. Iliyofuata nikaandika tatu, halafu mbili. Nilipofika wenzangu wananitegemea nilianza kulia, nikajipa mbili huku nalia. Theonest aliporudi aliisoma karatasi mstari kwa mstari. Kisha akaniuliza kwa nini, nikachukua mkoba wangu nikatoka. Barua ya Cyprian ilisainiwa kesho yake. Sasa ndiye ninayemwomba ruhusa.

Nina hasira na wewe, baba. Nimezunguka siku zote hizi nikisema nina hasira na Adelard, nina hasira na kompyuta, nina hasira na Cyprian ambaye hajanikosea. Ni wewe. Najua uliogopa majivuno, na uliogopa vijicho vya watu, na wewe mwenyewe ulilelewa hivyo na babu. Nayajua yote hayo na bado nina hasira. Theonest anasema labda kujishusha ndiyo tabia yangu. Mie sijui kama ni yangu au ni yako uliyonivisha, na nimeshakuwa mtu mzima, nimeshazaa, siwezi tena kuivua.

Mama aliwahi kuniambia kwamba nisipokuwepo unanisifu pale ushirika mpaka watu wanachoka. Unawaambia binti yangu wa Dar ndiye anayeendesha ile ofisi. Sikuamini. Baba, mbona maneno hayo unawapa watu wa ushirika? Mie nimeyangoja tangu ile siku ya Padri.

Ndani ya bahasha nimeweka karatasi nyingine ya zile sentensi, nimeiomba kwa Theonest. Haitanirudishia nafasi, hilo limeshapita. Naomba unijazie wewe. Kaa nayo, chukua muda wako, kisha mpe dereva yule yule anirudishie. Ukiona kweli ni mbili andika mbili, nitaipokea, maana umenijua kabla ya hao wote. Ila usiniandikie mbili kwa adabu.

Nisalimie mama, na shangazi Anastasia, na wote wa jumuiya wanaoniulizia. Watoto wanawasalimu babu na bibi yao. Kama nimekukosea kwa kusema haya, nisamehe, lakini sitayafuta. Mungu akutunze mpaka tuonane.

Ni mie binti yako,
Felicitas