Ujumbe Ule wa Kompyuta Ulikuwa Wangu

Karakana ya seremala,
Nyuma ya kituo cha mafuta.
Jumapili, tarehe 9 mwezi wa sita.

Mpendwa mume mwenzangu,

Marahaba. Shikamoo yako nimeipokea hata kama hukuituma. Hujambo? Ule mgongo uliouumiza ukishuka kwenye nguzo ya umeme umepona? Na mjukuu wangu Chiriku, mkeo, anakula? Analala?

Mimi ni mzima kama chuma, ila tangu juzi siketi. Napiga randa ubao mpaka unakuwa mwembamba kama karatasi, ndipo nakumbuka ulikuwa wa mlango wa mtu. Hata barua hii nimeianza, nikainuka, nikazunguka karakana, nikarudi. Mwandiko ni wangu mwenyewe, na herufi zikilala ziache zilale, mradi unasoma.

Binti yangu, yaani shangazi yake Chiriku, amenieleza yote. Kwamba umekuta kwenye simu ya mkeo ujumbe wa mwanamume asiye na jina, simu umemnyang'anya, na umempa mpaka mwisho wa mwezi amtaje huyo mtu au afungashe.

Huyo mtu ni mimi.

Najua Chiriku alikwambia hivyo hivyo, ukamcheka. Na nilipokupigia mwenyewe ukaniambia, "Babu, usimfunikie. Wewe kalamu yenyewe unaishika kama tupa ya kunolea msumeno, leo utume ujumbe kwa kompyuta?" Ukakata simu. Sasa nisikilize, maana karatasi huwezi kuikata.

Simu yangu ina vitufe kama punje za mtama, na vidole vyangu unavijua. Nikibonyeza kimoja vinaitika vitatu. Basi nikaenda kwa Mama Kopi, mwenye duka la kuchapa hapa barabarani. Akanionyesha kwamba kompyuta yake inaweza kutuma ujumbe mpaka kwenye simu ya mtu. Unafungua ukurasa, unaweka namba, unaandika maneno yako, unabonyeza palipoandikwa Tuma. Wengine anawafundisha wiki nzima. Mimi niliijua kabla chai yake haijapoa. Neno alilonisahihisha ni moja tu: "Taratibu, mzee, hiyo siyo misumari."

Aliniambia na lingine, nami nakuandikia kwa kuwa ni kweli, si kwa kuwa nimekubali. Alisema ujumbe wa kompyuta haufiki na namba yangu, unafika na namba ya wale wanaousafirisha, tena mtu hawezi kuujibu. Kwa hiyo nimalizie na jina langu. Nikakataa katakata. Mtoto niliyembeba mgongoni anijue kwa jina? Namwita mke wangu tangu hajaota meno. Na kweli alinijua papo hapo. Asiyenijua ni wewe.

Niliandika hivi: "Mke wangu, nakuota kila siku. Huyo kijana akikuchosha rudi, kitanda chako bado kipo. Mume wako wa kwanza." Kitanda chenyewe nilimchongea alipoanza shule. Wewe ukilala humo, miguu itabaki nje kuanzia magotini. Nilipoona hanipigii nikatuma wa pili: "Unaninyima hata salamu? Nitakuja kukuchukua mwenyewe." Basi, ndiyo mapenzi yangu yote ya wizi hayo.

Bibi yako naye anakuita mume wake. Nilimsikia kwa masikio yangu siku ya harusi, tena alimwambia Chiriku amekuazima tu. Chiriku alicheka. Hakumnyang'anya mtu simu.

Utasema maneno ya ule ujumbe nimeambiwa na Chiriku. Hilo nimelifikiria, usidhani kichwani kwangu kuna vumbi la mbao tu. Jumamosi, saa nne asubuhi, ishike simu yake wewe mwenyewe. Barua hii usimwonyeshe kwanza. Mimi nitakuwa kwa Mama Kopi, na utaingia ujumbe kwa namba ile ile iliyokukosesha usingizi, neno kwa neno hivi: "Mpe mke wangu simu yake. Kisha mkae mle sahani moja. Ni mimi babu, seremala." Safari hii jina naweka. Usiseme nimeshindwa, nimekuonea huruma.

Barua nimempa dereva wa basi akukabidhi mkononi, maana kwa posta ingekuta mtoto wa watu ameshafungasha. Ukiuona huo ujumbe usihangaike kuujibu, jibu halitaniona. Mkabidhi Chiriku simu, yeye ndiye anipigie. Nitakuwa nimeketi pale pale dukani, simu mapajani, na siinuki hata Mama Kopi akianza kufunga milango.

Nisalimie bibi yako, mke wako mkubwa. Nisalimie na mama mkwe wa Chiriku, umwambie meza yake inakauka, bado rangi. Shangazi anawasalimu wote, ila wewe amekusalimu nusu.

Mungu awashikie nyumba yenu, viungo vyake visilegee.

Wako akupendaye, japo wiki hii kwa shida,

Babu wa Chiriku,
mume wa kwanza.