Ndoo ya Mgeni, Mbekenyera

Shikamoo dada Zuhura,

Jua la Mbekenyera halina adabu, na kisima kimebaki tope. Kazi iliyonileta unaijua: kuwauliza wanakijiji kama watalii wanaokuja kuona mashamba ya korosho na kulala majumbani mwao wanawafaa au wanawaumiza. Leo kikaoni, mwenyekiti wa kijiji akiwakodolea macho, kila swali walijibu wanafaidika. Nilipouliza kama wageni wanawamalizia maji, wakamgeukia mwenyekiti.

Akasimama mwenyeji wangu, Mama Somoe. "Mbona wewe hujajiandika humo daftarini, nawe ni mgeni? Siku ya nne leo unaoga ndoo nzima asubuhi, nzima jioni. Maji hayo nayafuata mimi, alfajiri, kwa mguu."

Mwenyekiti akamfokea akae. Nikamwomba amwache, nikajiandika: ndoo mbili kwa siku.

Sasa jioni Mama Somoe ameniletea tena ndoo ya maji moto, imejaa pomoni. "Oga mwanangu, yatapoa."

Kuyarudisha ni kumtukana. Kuyaoga siwezi. Yanapoa hapa mbele yangu nikikuandikia.

Nibusie wanao. Ukifungua bomba asubuhi, nikumbuke.

Mdogo wako,
Rehema