Mama Feli Hakutia Saini

Siku ya posho, yaani Jumamosi, mwezi wa saba. Baridi kavu tangu asubuhi. Jua lipo lakini halimpashi mtu. Nimerudi kutoka kazini saa saba, nimemfunika Gracia kwa vitenge viwili, na sasa amelala. Leo mifupa haijamuuma. Ningepaswa kulala naye.

Siwezi. Nina jambo ambalo hata baba yake sijamwambia.

Kwa mtu anayesoma hapa mara ya kwanza: mimi ni mfuaji. Tuko wanawake kama arobaini katika nyumba moja kubwa ya kufulia, hapa Lubumbashi, tunafua salopeti, ovaroli za watu wa migodi. Zinafika ngumu kama mbao, zimejaa udongo na zile dawa zao. Glavu ni jozi moja; ikitoboka unaendelea hivyo hivyo. Kazi ni ya siku kwa siku. Ukiugua, kesho yake jina lako halisomwi mlangoni. Ndiyo maana tulitaka sendika, chama cha wafanyakazi.

Mtu wa sendika alituletea karte za kujiandikisha. Alisema tukizijaza zaidi ya nusu yetu, mkubwa wa kampuni atalazimika kuketi na kuzungumza nasi. Mimi nilisoma sekondari miaka minne, basi bamama wakanipa kalamu. Niliandika majina yao, wao wakatia saini au kidole. Karte ya kwanza ilikuwa yangu mwenyewe.

Mama Feli peke yake alikataa. Ndiye mkubwa wetu kwa umri, anasimamia pasi.

"Miye sitie kidole pale," alisema. "Fasi nalitumika kazi zamani, tuliandika majina yetu bote. Ile liste ilifika ku bureau mbele ya siye kufika. Mulete sanduku, nitavota. Karte, hapana."

Chantal, anayekunja nguo, ana mdomo. "Mama, na ile miaka yote bado unaogopa chef wa kazi? Unazani atakuoa?"

"Anioe basi, niache kupiga pasi."

Tulicheka wote. Mimi pia nilicheka, lakini moyoni nilimwona mwoga.

Niandike na hili, kwa kuwa leo naandika yote. Sikumlazimisha mtu. Lakini kulikuwa na mama mmoja mgeni, alisita, akasema atamwuliza kwanza bwana wake. Tulisimama wanne kuzunguka beseni lake. Hakuna aliyesema neno baya. Hatukuondoka tu, mpaka alipopangusa mikono akachukua kalamu.

Chef wa personeli, anayesimamia wafanyakazi, alipoona zile karte alisema mwandiko ni mmoja, atajuaje kama bamama hawa walitaka wenyewe? Tupige kura ya siri, ndiyo au hapana. Mtu wa sendika akakubali, alikuwa na imani na karte zetu. Mimi niliona ni haki kabisa. Kila mtu peke yake na roho yake, nani atalalamika?

Tulipiga kura siku ya tatu, Jumatano. Asubuhi, kabla hawajafunga pazia la kupigia kura, chef alikuja hadi kwenye beseni langu. Ni mtu wa adabu, anaongea polepole.

"Mama Gracia, mutoto iko namna gani?"

"Iko muzuri kidogo, chef."

"Mungu asifiwe. Unajua, ile barua ya hospitali tunakupatiaka, haiko mu contrat. Ni mambo ya moyo tu. Sendika ikiingia, tutafuata bile iko mu maandishi, basi."

Akanigusa bega akaenda. Hakunitisha. Hakuniambia nichague nini.

Barua hiyo ndiyo inayompokea Gracia hospitalini damu yake inapomsumbua. Bila hiyo tunangoja mlangoni, na mimi nimeshaona watoto wanaongojeshwa mlangoni.

Nyuma ya pazia palikuwa na meza, kalamu, na karatasi yenye maneno mawili. Hakuna aliyeniona. Niliwaza jinsi Gracia anavyokunja vidole vyake anapolia, maana akivinyoosha vinamuuma. Nikaweka msalaba kwenye HAPANA.

Mimi, mwenye karte ya kwanza.

Hapana ilishinda, si kwa nyingi. Mtu wa sendika alikusanya vitu vyake akaondoka. Halafu Chantal akageuka kumtazama Mama Feli, na wote wakamtazama.

Mtu mmoja hawezi kujaza sanduku, wanajua. Hesabu inakataa. Lakini hapana zile nyingine hazina sura, na Mama Feli ana sura.

Tangu siku hiyo hali nasi. Saa ya bukari, ugali wetu wa mchana, tunakaa duara, sufuria ya sombe, majani ya muhogo, katikati, na mahali pake pamewekwa ndoo. Anakula amesimama karibu na pasi, sahani mkononi. Jana Chantal alimwuliza kwa sauti, "Mama, harusi na chef ni lini? Tushone kitenge." Hakuna aliyecheka. Mama Feli aligeukia pasi yake. Nami nilishusha macho nikaendelea kutafuna.

Leo baada ya kazi nilimfuata barabarani, nikambebea mfuko. Nikamwambia, "Mama, haina weye. Ni miye. Nalivota hapana."

Aliendelea kutembea.

"Miye nalivota ndiyo," akasema. "Nalisema balete sanduku, balileta, nalivota. Sasa nitabaonyesha nini, mwanangu? Karatasi haina jina."

Nilisimama. Yeye akachukua mfuko wake mkononi mwangu, taratibu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kitu kizito.

"Usibaambie. Weye uko na mutoto mugonjwa. Miye batoto bangu balisha komaa."

Akaenda zake.

Nimekaa nalo tangu saa ile. Karte, wenzako wanakuona, unaona haya kukataa. Sanduku, hakuna anayekuona, na hofu inaingia nawe nyuma ya pazia. Ipi ni bora, sijui. Watu waliosoma kunishinda wabishane. Ninachojua ni kwamba sanduku halikushika mkono wangu, na chef pia hakuushika.

Nikisema, atakayefurahi ni chef peke yake. Bamama wataniuliza ni karte ngapi kati ya zile nilizoandika zilikuwa za kweli, na sitakuwa na jibu. Mtu wa sendika akirudi mwaka mwingine, nani atapokea kalamu kutoka kwangu? Labda hawatamwamini Mama Feli hata hivyo, watasema tulipatana.

Lakini mwanamke mwenye mvi anakula amesimama kwa jambo nililolifanya mimi. Ameniomba ninyamaze kwa ajili ya mtoto wangu. Mtoto wangu nishamtumia mara moja, nyuma ya pazia. Sitamtumia tena.

Siku ya kwanza, Jumatatu, saa ya bukari, kabla mtu hajanawa mikono, nitasema. Nimejaribu sasa hivi kulisema kwa sauti, nione kama linatoka: "Bamama, ile hapana, moja ni yangu."

Limetoka. Gracia amefumbua macho, ananiuliza nasema na nani.