Redioni Walisema Joto ni la Kawaida

Kisangani, Jumapili baada ya misa

Mama yangu mpenzi,

Nakuamkia kutoka huku mbali. Goti lako limepoa? Na ile baridi ya asubuhi ya Bukavu bado mnaipata? Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio unaochemka.

Unajua kazi yangu kwenye kituo cha hali ya hewa: kila baada ya saa tatu nafungua kibanda cheupe uani, nasoma kipimajoto, naandika daftarini. Tangu Januari namba zinapanda tu. Wataalamu nao walituandikia kwamba maji ya bahari za mbali yamepata joto kupita kiasi, ndiyo maana huku kwetu kiangazi kitakuwa kikali na mvua itachelewa. Nilimpelekea mkuu wetu barua hiyo pamoja na daftari. Hakuvigusa.

"Bon, tutasema joto iko kawaida," aliniambia. "Tukisema ingine, watu wataogopa, na wakubwa wataniuliza maswali."

Akaenda redioni akasema hivyo kwa sauti tamu. Nami, Mama, nilinyamaza. Hilo ndilo linaloniuma.

Mama Fatuma, mjane mwenye nyumba ninayopanga, alimsikia, akaamini mvua haitachelewa. Alibeba mbegu zake zote za karanga mpaka shambani kwake Bengamisa, akapanda. Wiki tatu, hata tone! Jumatatu alirudi na mimea mikavu mkononi, akaitupa mezani mbele yangu.

"Weye unatumika kule, kazi yako ni kupima joto. Ulijua?"

Nilitaka kudanganya. Nikashindwa. "Nilijua, Mama."

Hakunitukana. Alikaa chini akalia, nikaona afadhali angenipiga.

Kesho yake nilichukua daftari mpaka redioni, nikasoma namba zote, siku kwa siku, nikawaomba wakulima wasipande kabla udongo haujalowa. Mkuu aliniita kwa hasira. Alikuwa ameandika barua kwa jina langu, nitie sahihi kwamba nilisoma vibaya. Vibaya! Mimi ninayesimama kwenye lile jua kila mchana, yeye amekaa chini ya feni! Nilimrudishia karatasi yake. Ijumaa akanifukuza.

Wanawake wa Bengamisa wamenitumia habari kwa mutu wa pikipiki: mbegu zilizobaki wamezifungia ndani, wanangoja. Mama Fatuma bado haniongeleshi, ila jana aliniwekea sahani ya mboga ya pondu mlangoni.

Nisalimie mjomba, Tonton Déo fundi seremala, dada yangu Neema na mtoto wake mchanga nisiyemjua bado uso. Papa atakasirika, msomee barua hii yote, usiruke kitu. Na watu wa kanisani wakikuuliza kwa nini nimepoteza kazi, usiseme niliugua. Waambie nilisema ukweli, na kwamba nilichelewa kuusema.

Ni mimi binti yako anayekukumbuka,
Espérance