Mjane Anayevua Eda

Jumatatu, 4 Februari 1957

Arceneaux kaniita ofisini. Mwenye klabu, mwenye tumbo, mwenye kila kitu isipokuwa haya. Ati mchezo wangu wa mjane anayevua nguo ni mrefu mno. Ati watu hawaji Mtaa wa Bourbon kucheka, wanakuja kuona. Nikamwambia wanaona vizuri kwa sababu wamecheka kwanza! Kisha akatoa la moyoni: nikishuka jukwaani nikae mezani na wateja, ninywe wanachoninunulia, niwachekee. Sikai! Mwili wangu nauonyesha nikitaka mimi, kwa mwendo wangu, na muziki ukiisha umekwisha.

Akasema, haya, tutaona.

Jumanne, 5 Februari

Usingizi sina. Mchezo ule niliutunga mwenyewe. Alipokufa mume wangu Clovis, mama mkwe alinivika nyeusi mwaka mzima, hadi soksi, nimlilie mwanamume aliyenivunja mkono. Basi nikaupeleka msiba jukwaani. Naingia nimejifunika gubigubi, nalia, nachungulia jeneza nihakikishe kafa kweli — halafu glavu moja inatoka. Ukumbi hoi! Wanawake ndio hucheka zaidi. Kila nguo inayoanguka ni mwezi mmoja wa maisha yangu uliorudi.

Alhamisi, 7 Februari

Arceneaux kampa Lurleen! Mchezo wangu! Lurleen aliyetoka Mississippi hajui hata kutembea na viatu virefu, nikamfundisha mimi. Shukrani ya punda mateke.

Kwetu wacheza burleski, tunaovua nguo jukwaani kwa vichekesho, utaazima wimbo, utaazima manyoya. Mchezo wa mtu hauguswi mpaka mwenyewe akuvishe kwa mkono wake. Wenzangu wote wanajua. Wote wakajitia kupaka wanja. Octave tu, mpiga dramu, kaninong'oneza: pole, mama. Pole yake nitaila?

Jumamosi, 9 Februari

Nilikwenda kumtazama. Nilitaka aaibike. Naandika kweli, nani atasoma?

Akaaibika. Mjinga yule kanunua nguo za msiba za kweli, za kuendea kanisani, vifungo vidogo vidogo mgongoni, toka shingoni hadi kiunoni! Nguo zetu zina vishikizo vya kubonyeza, ukivuta zinaachia. Akavuta. Akavuta tena. Octave anarudia mdundo uleule, jasho linamtoka. Mlevi mmoja akapaza sauti: mzikeni naye! Wakaangua kicheko. Na mimi nikacheka. Kicheko chenyewe kichungu kama shubiri.

Sasa tuko chumba cha kuvalia, tunangoja shoo ya pili. Lurleen kaja bado kafungwa ndani ya gauni, wanja umemchuruzika mpaka kidevuni. Arceneaux kamwambia akiharibu tena, kazi yake ni mezani na wateja, basi. Anaapa aliambiwa nimempa mchezo kwa hiari yangu. Namwamini, na hilo ndilo linaloniudhi.

Nikamuuliza, michezo yote ile, kwa nini huu?

Akasema: "Dada Verna, mume wako alikufa. Wangu yuko kule kwetu Biloxi, mzima, ananitafuta. Nilitaka nimzike japo kidogo."

Amenigeuzia mgongo, anangoja. Mkasi ninao, vishikizo ninavyo, sindano ina uzi. Nikimshonea kwa mkono wangu, mchezo umekuwa wake, na Arceneaux kashinda. Nisiposhona, kesho mtoto huyu yuko mezani, mkono wa mtu uko pajani pake — na Arceneaux kashinda vilevile. Mshenzi yule! Ndiyo maana nimeshika daftari, mikono ipate kazi nyingine.

Arceneaux anagonga mlango. Ati bendi imeshakaa.

Lurleen hajageuka. Ananiuliza taratibu, ili ajue pa kuanzia jukwaani: siku ile nilipoambiwa Clovis amekufa, kabla sijalia, nilifanya nini kwanza?