Nilivyomfundisha Nice Maana ya Lastiki

Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo,
Dar es Salaam.
21 Oktoba 2024

Mpendwa mdogo wangu Kasmir,

Tumsifu Yesu Kristo. Hujambo? Wifi yangu Victoria hajambo, na watoto je? Joto la Windhoek limeshaanza, au bado mnalala na masweta? Sisi huku wazima, ila mgongo wangu hunikumbusha kila asubuhi kwamba si binti tena. Ningekupigia simu, lakini hili nikilisema kwa mdomo nitalia, na dukani watu wamejaa.

Ni habari za mpwa wako Nice. Unajua alivyoipenda fizikia tangu ulipomtumia kile kitabu. Alipoingia kidato cha tano akawa anakuja dukani jioni na maswali yake. Siku moja aliegemeza ubao kwenye ngazi, akaweka juu jora zima la kitambaa na lile bomba tupu la boksi ambalo kitambaa huzungushiwa, akauliza kipi kitabingirika kifike chini kwanza. Mimi na jirani yetu Shomari, muuza mashuka, tukasema bomba, maana ni jepesi. Likatangulia jora!

"Uzito wote wa bomba uko pembeni, mama," akasema. "Linatumia nguvu nyingi kujizungusha."

"Huyu mtoto noma!" Shomari akapiga kelele. Nilivimba kichwa siku hiyo, sikufichi.

Wiki waliyosoma migongano Nice aliumwa malaria, hakwenda shule. Alipopata nafuu akaniuliza kama hiyo "elastic" ya kwenye kitabu si ndiyo lastiki. Mimi muuza lastiki, zipu na vifungo, ningesema sijui? Nikamwambia lastiki kazi yake ni kushika, kwa hiyo vitu vikigongana namna hiyo vinashikana na kwenda pamoja. Nilisema kwa kujiamini kabisa, naye akaniamini kwa sababu mimi ni mama yake.

Najua wewe mwalimu wa fizikia umeshashika kichwa.

Mtihani ulipokuja akafeli. Mwalimu wake akaniita nisaini ahamishiwe masomo ya historia. Akanionyesha karatasi: maswali ya kubingirika kapata yote, ya migongano kayageuza yote. Vinavyotakiwa kudunda na kuachana, ndiyo hiyo "elastic" yenyewe, kaviunganisha, vinavyotakiwa kunasana kavitenganisha. Nilielewa palepale. Wazazi wengine walikuwa wamekaa nyuma yangu, nikaona aibu, nikasaini bila kusema neno. Hilo ndilo linaloninyima raha, Kasmir. Kukosea kila mtu anakosea, lakini mimi nilijua na bado nikashika kalamu.

Wiki tatu baadaye nikarudi kumweleza mwalimu ukweli. Alinisikiliza vizuri, muungwana yule, lakini nafasi ya Nice kwenye darasa la fizikia ilikuwa imeshapewa mwingine. Hairudi. Najuta mno, mdogo wangu.

Jana baada ya misa nikamwambia Nice mwenyewe. Nilijiandaa atanikasirikia, na ningestahili. Akaniuliza, "Kwa hiyo mama, sikuwa mjinga?"

Muda wote huo alikuwa anaosha vyombo, ananiamkia, anacheka na wenzake, na mimi nadhani ameshasahau.

Usimtumie vitabu, wala usinitetee. Nakuomba tu umpigie. Mimi nikimwambia ana akili, anaona mama anajifariji. Wewe mjomba wake labda atakuamini.

Baba Nice anakusalimu sana, na Shomari anauliza utarudi lini nyumbani. Nibusie Candida na Aaron. Mungu awatunze huko ugenini, awape afya na kazi ya mikono yenu ibarikiwe.

Dada yako akupendaye daima,
Angelina