Kidonda Kisichong'aa

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hujambo, na kidonda cha ulimi hakijambo? Sisi hapa maabara tumechoka, lakini tunacheka. Dawa yetu ya kusukutua inaufanya uvimbe wa saratani ung'ae chini ya taa ya buluu, na kidonda chako, pamoja na kutisha kwake kote, hakikung'aa hata chembe! Wenzangu waliokupima wanakitumia kama mfano kwamba si kila kidonda cha kutisha ni saratani. Kwa hiyo tangu juzi, mgonjwa asiyeng'aa hatumkati kinyama cha kupima. Anarudi zake nyumbani. Lala usingizi, mzee wangu.

Binti yako

9 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Natumaini u mzima. Mimi si mzima, na sitazunguka. Ulimi umekuwa mgumu, uji naupitisha upande mmoja, na nikizungumza jirani ananiuliza nimekunywa nini.

Ile dawa sikuisukutua.

Aliyenitangulia alipomulikwa, niliona kwenye kompyuta mdomo wake unawaka kijani, na daktari aliyekuwa akimtania akaacha utani, akaita mwenzake. Zamu yangu ikafika. Muuguzi akanipa kikombe: "Dakika tano, babu, na usimeze, utang'aa tumbo!" Akaitwa nje. Nikaimwaga dawa kwenye sinki, nikajaza maji ya bomba. Aliporudi alinikuta nimevimbisha mashavu, nasukutua kwa adabu zote. Akanisifu.

Nimefundisha fizikia miaka thelathini na moja. Wanafunzi waliobuni majibu ya majaribio niliwachania daftari.

Barua yako ilipofika nilijua siku hiyohiyo kwamba mnawarudisha watu nyumbani kwa sababu yangu. Nikakaa kimya miezi miwili, nikiogopa uso wako kuliko kaburi. Usianze na mimi. Watafute wao.

Baba yako

20 Mei

Mwanangu,

Hujambo? Siku kumi na moja sasa. Pikipiki ikisimama nje, niko dirishani. Nikirudi kitini, nainuka tena. Nitukane ukitaka, lakini andika.

Baba

25 Mei

Baba,

Shikamoo. Sikuandika kwa sababu tulikuwa tunatafuta watu. Saba walirudishwa bila kukatwa. Sita tumewapata. Watano ni wazima. Mmoja, fundi cherehani, ana saratani, bado changa mno kung'aa. Kesho anafanyiwa upasuaji. Wa saba simu yake haipatikani.

Kwako, daktari hafichi, wakati wa kukata umepita. Dawa ileile ikimulikwa taa nyekundu huuchoma uvimbe. Itaupunguza kidogo ili upate kumeza. Zaidi ya hapo siwezi kukuahidi.

Nina hasira, Baba. Nimeipeleka kazini, nimeirudisha nyumbani, haijapungua. Hata hivyo nakuja Alhamisi kukuchukua. Vaa sweta.

Anwani ya yule wa saba iko njiani. Tutasimamisha gari, nitakushika mkono hadi mlangoni, nitagonga. Akifungua, mimi sitasema neno. Utamweleza wewe.

Binti yako